Hatukuwaachia Ala

Kila tunapokutana wazee wa muziki wa dansi, iwe msibani au kwenye harusi ya mtoto wa mwenzetu, mazungumzo hayachelewi kufika palepale. Vijana hawapigi ala. Vijana wanabofya. Mmoja ataanza, wa pili atakoleza, wa tatu atawataja marehemu waliokuwa wakililiza gitaa mpaka watu wanasahau bia mezani, kisha sote tutanyamaza kidogo kwa heshima yao. Nimekaa kwenye mazungumzo hayo zaidi ya miaka 20, na muda mwingi nilikuwa miongoni mwa wakolezaji. Siku hizi sikolezi tena. Tangu mwaka jana najifunza kutengeneza muziki kwenye kompyuta, mwalimu wangu akiwa mjukuu wangu mwenye miaka 19, na niliyoyakuta huko yamenifanya niwageuzie wenzangu swali. Ala zipi hizo tunazowalaumu vijana kwa kutozishika? Sisi tuliwaachia ipi?

Nilipiga gitaa la rithim kwa miaka 18 katika bendi ya shirika moja la umma hapa Dar es Salaam. Msomaji kijana huenda asielewe bendi ya shirika ni kitu gani. Wakati ule karibu kila bendi kubwa ilikuwa na mwenyewe. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikawa inabadili jina kila chama kilipobadili jina, Juwata, kisha OTTU, mpaka leo tunapoiita Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Polisi walikuwa na bendi, JKT walikuwa na bendi, Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee. Mlimani Park iliyozaliwa 1978 ilikuja kuchukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji, na watu wakaizoea kwa jina hilo. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Mwisho wa mwezi alipanga foleni dirishani kwa mhasibu kama karani yeyote. Mfumo ule ulinilisha na kunisomeshea watoto, na sitausema vibaya kwa sababu tu umekufa.

Lakini ala hazikuwa zetu. Gitaa nililopiga kila Jumamosi liliandikwa kwenye daftari la mali za shirika, ukurasa mmoja na meza, viti na mashine za kuchapa. Mgongoni mwake mtunza stoo alikuwa amelipaka namba kwa rangi nyeupe, 17, na brashi ilikuwa kubwa mno hata mkia wa ile saba ukachuruzika mpaka ukingoni. Nililijua gitaa lile kuliko nilivyojua mkono wangu. Nilijua kwamba uzi wa tatu unalegea kukiwa na unyevu, kwamba kile kitufe cha sauti kinakwaruza ukikifikisha katikati. Hata hivyo baada ya dansi lilirudi stoo, na mimi nilirudi nyumbani mikono mitupu.

Mara moja tu lililala kwangu. Ilikuwa mwaka 1986, tukiwa na safari ya alfajiri kwenda Morogoro, na kiongozi wa bendi aliniruhusu niondoke nalo. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka minane. Niliporudi kutoka kuoga nikamkuta amefungua sanduku, amepiga magoti mbele yake kama mtu aliyefungua kisima, na kidole chake kiko juu ya uzi. Uzi ukalia. Nikampiga kofi mkononi. Nikamwambia: "Si langu, wala si lako. Likiharibika nakatwa mshahara." Hakulia. Alifunga sanduku mwenyewe, taratibu, vifungo vyote viwili, akaenda kulala. Hakuomba tena kushika gitaa. Leo ni fundi wa mafriji, fundi mzuri, ana mikono myepesi isiyovunja kitu, na kila ninapoitazama mikono ile nakumbuka usiku huo.

Wenzangu husema: lakini vijana wangenunua zao. Wapi? Kwa fedha ipi? Waliokuwepo wanakumbuka miaka ile ilivyokuwa. Uzi ukikatika tuliufunga fundo na kuendelea, na unasikia kabisa kwenye rekodi nyingine mpigaji anavyolikwepa fundo. Kiwanda cha kuchapa sahani hatukuwa nacho, bendi zilikwenda Nairobi. Mpaka na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, njia hiyo nayo ikaziba mpaka 1983. Ala za kigeni ziliingia kwa kibali, na kibali alikipata mwenye shirika. Kisha ikaja miaka ya tisini, mashirika yakauzwa au yakafungwa, na bendi zikafungwa pamoja nayo. Shirika letu lilipofikia siku yake, magitaa, besi, amplifaya na tumba viliingizwa stoo moja na makabati ya ofisi kusubiri mnada. Nilisimama nje ya dirisha la stoo ile nikaiona namba 17 imeegeshwa ukutani, imefunikwa nusu na pazia. Sikuiona tena.

Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Manzese au Tandale mwaka 1990, akafikisha umri wa kutaka kupiga muziki, alikuta nini? Redio binafsi zilikuwa zimeanza, Radio One mwaka 1994 na nyingine zikafuata. Studio zilikuwa zimeanza pia, akina Master J na P-Funk Majani wakijenga ule muziki uliokuja kuitwa Bongo Fleva. Studio zile zilitaka nauli, fedha ya kurekodia na mtu wa kukutambulisha. Mtaani penyewe palikuwa na kanda za taarabu zilizokwisha kwa kuchezwa, palikuwa na spika za kukodi za shughuli, na palikuwa na vile vinanda vidogo vya Casio ambavyo kwa wenye uwezo vilikuwa vya watoto kuchezea.

Vinanda vile ndivyo vilivyozaa mchiriku. Vijana wa uswahilini walivipitisha kwenye amplifaya mbovu na spika za pembe, wakavizungushia ngoma, na sauti ikatoka kali, yenye kukereza, kama bati linalokatwa. Sisi wa bendi tulicheka. Nakumbuka nikipita na mwenzangu kwenye shughuli moja Mburahati, akaziba masikio kwa mzaha na mimi nikacheka kwa nguvu ili vijana wale wanisikie. Walinisikia. Mmoja alinitazama bila hasira, akaendelea kupiga.

Kuna kicheko kingine kinachonirudia zaidi. Tulikwenda kurekodi Redio Tanzania, ambako karibu kila bendi ya bara ilirekodi. Bendi nzima iliingia chumba kimoja, maikrofoni chache zikapangwa, taa nyekundu ikawaka, na wimbo ukapigwa mwanzo mpaka mwisho. Ukikosea, mnarudia wote. Siku ile baada ya kumaliza, fundi mitambo alirudisha utepe ili tusikilize, akasahau swichi ya mwendo. Utepe uliorekodiwa kwa inchi 7.5 kwa sekunde ukapita kwa inchi 15. Wimbo wetu wa huzuni, wimbo wa mke aliyeachwa, ukatoka mara mbili ya kasi yake na juu kwa oktava nzima, mwimbaji akawa kama ndege, gitaa langu likawa mvua juu ya bati. Tulicheka mpaka mpiga tarumbeta akakaa chini. Fundi akaomba radhi, akageuza swichi. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema: hebu turudie tena kusikiliza.

Watoto wetu walirudia kusikiliza. Singeli, muziki unaotikisa mitaa hiyo leo na kufika mbali, ulianza kwa kukata vipande vya taarabu, hasa pale kinanda na midundo vinapobaki bila mwimbaji, kuvizungusha bila kukoma na kuvipandisha kasi, huku kijana mwenye kipaza sauti akimwaga maneno juu yake. Kilichotufurahisha sekunde chache kama kosa la swichi, wao walikifanya msingi wa nyumba. Mwaka 2017 lebo ya Kampala iitwayo Nyege Nyege Tapes ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio moja ya mtaani hapa Dar, *Sounds of Sisso*, na vijana waliokuwa wakipiga kwenye shughuli za vichochoroni wakaanza kualikwa Ulaya. Watu wazima kule wanalipa kiingilio kuusikia mwendo ule ule ambao sisi tuliucheka.

Mjukuu wangu anafanyia kazi chumba cha uani. Ukutani amegandisha trei za mayai na kipande cha godoro la sponji. Kompyuta ni ya mtumba, kibodi imekosa herufi mbili, na spika ziko juu ya matofali. Programu anayoitumia ni FL Studio, iliyotoka Ubelgiji mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, na bado watengenezaji wengi hapa wanaiita Fruti. Kiini chake mpaka leo ni mstari wa visanduku 16 kwa kila ngoma. Ukikiwasha kisanduku, ngoma inalia mstari unapopita, ukikizima, kimya. Visanduku 16 ni bari moja, mapigo manne, kila pigo limekatwa mara nne. Somo la kwanza lilikuwa hilo tu. Aliniwekea kiki, ngoma ya mguuni, akaniambia: "Babu, weka inapokuambia roho."

Somo la pili lilikuwa la mwendo. Programu inahesabu mapigo kwa dakika. Alinitafutia wimbo wetu mmoja wa zamani, akauacha uingie kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya mwishoni, kisha akawa anagonga kidole kufuata ngoma mpaka kompyuta ikatoa namba: 132. Nikashangaa, maana chemko lile lilituchosha mikono, na mashabiki walikuwa wakitoka jasho mpaka mashati yanagandamana mgongoni. Halafu akanifungulia wimbo wake. Ulikuwa 280. Singeli huzunguka 200 mpaka 300 na kupita. Kwa mapigo 300, kila sekunde ina mapigo matano, na bari nzima inakwisha kabla hujamaliza kusema jina lako. Nilimwuliza mwili unachezaje humo. Akasimama akanionyesha: miguu haifuati kila pigo, inafuata moja kati ya mawili, na mabega ndiyo yanayotetema na yaliyobaki. Nikaona kwamba ndani ya ile kasi mna mwendo mwingine uliotulia, karibu sana na mwendo tuliopigia sisi. Kama si kumwona akicheza pale, nisingeujua.

Somo la tatu ndilo lililoninyang'anya maneno. Nilikuwa nimeandika rithim yangu kwa mausi, noti moja moja, kwenye lile jedwali refu ambalo kinanda kimelala ubavuni mwake. Kila noti niliiweka barabara kwenye mstari wake. Nikabofya ipigwe. Ilikuwa sahihi na ilikuwa maiti. Nikaisikiliza mara sita nikitafuta kosa, kosa halipo. Mjukuu wangu alikuwa anakula. Akanawa mkono, akaja, akatazama. "Shikilia Alt, Babu, halafu ivute nyuma kidogo." Nikashikilia. Ile noti ikaachana na mstari, ikateleza upande wa kulia kwa unene wa unywele. Nikaivuta ya pili, ya tatu, nyingine kidogo zaidi, nyingine nikaiacha. Nikabofya. Ikapumua. Ilikuwa mimi. Miaka 18 nilipiga nyuma kidogo ya ngoma, na wenzangu walinisifu kwa hilo, lakini hakuna aliyewahi kunionyesha ni nyuma kiasi gani. Mkono ulijua, mimi sikujua. Sasa nimekiona kile kinafasi kwa macho yangu, kati ya mstari na noti, cheupe, chembamba. Sijawahi kujifunza zaidi juu ya mkono wangu kuliko jioni ile.

Ndiyo maana nasema neno kubofya linawakosea. Mtoto huyu hajaingia darasa la muziki hata siku moja. Alijifundisha usiku, kwa kutazama mikono ya watu asiowajua na kusimamisha picha kila baada ya sekunde mbili. Mimi nilipoingia bendi nilikaa miezi kando ya mzee mwenye gitaa, akinikanyaga mguu nikikosea, na nililipwa nikijifunza. Yeye hakulipwa na hakuwa na wa kumkanyaga mguu.

Mwanzoni alikuwa na programu ya majaribio. Ilimruhusu kutengeneza wimbo na kuutoa, lakini akiifunga kazi hawezi kuifungua tena kuiendeleza. Kwa hiyo hakuifunga. Kompyuta ilikaa wazi siku mbili mchana na usiku, imefunikwa kanga isiingie vumbi, feni ya mezani ikiipepea. Betri yake ilikwisha kufa zamani, ilikuwa inaishi kwa waya. Usiku wa pili, saa nane, umeme ukakatika. Nilisikia kimya kutoka uani, kile kimya cha feni kusimama, nikajua. Nilitoka na tochi kwenda kumpa pole. Nilimkuta amekaa gizani, anagonga meza kwa vidole vya mikono yote miwili, macho yamefumbwa. Nikafikiri ameshikwa na uchungu. Alikuwa anaupiga wimbo wote, ngoma kwa ngoma, asiusahau mpaka umeme urudi. Alikaa hivyo zaidi ya saa moja. Umeme uliporudi, kabla ya adhana ya alfajiri, akaujenga upya. Wapo wapiga vyombo niliofanya nao kazi, wenye majina, ambao wasingeweza.

Sisemi kila kitu chao kimenyooka. Yapo maneno kwenye nyimbo zao ambayo siwezi kukaa nayo sebuleni mbele ya wakwe zangu, na nimemwambia hivyo, naye alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Wanapandisha sauti mpaka kila kitu kinapiga kelele kwa wakati mmoja. Namfundisha kupunguza, maana gitaa la rithim kazi yake kubwa ni kujua lini likae kimya. Na lipo la haki. Yule aliyepiga kinanda kwenye kipande cha taarabu kilichozungushwa mara elfu kwenye nyimbo za mtaani, yawezekana yu hai, anaugua mahali, na hakuna senti iliyomfikia. Jambo hili tumelizungumza sana uani. Tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, kwa hiyo si suala la kukosa pa kuanzia. Lakini siwezi kusimama mbele yao kama mwalimu wa haki. Nyimbo zetu nyingi tulizirekodi bila karatasi, bila kuuliza, tukiamini mshahara unatosha. Tuliwalea katika nyumba ambayo hakuna aliyekuwa na hati.

Gitaa nililonalo leo nililinunua kwa kiinua mgongo changu. Ni langu. Mwezi uliopita mjukuu wangu aliniomba niingize rithim ya kweli, ya mkono, bari nne tu. Alining'inizia maikrofoni mbele ya spika, akazima feni, akanifanyia ishara ya kichwa. Katika bari ya tatu, nikihama kutoka sauti moja kwenda nyingine, vidole vyangu vikavu viliteleza kwenye uzi wa besi, ukatoa ule mlio wa kukwaruza. Wakati wetu, fundi mitambo angesimamisha bendi nzima kwa mlio kama huo. Nikasema turudie. Akasema: "Usirudie, Babu. Hiyo ndiyo tamu." Akaikata bari ile, akaizungusha, akaipandisha mpaka 240, akiuacha mlio upande juu nao. Mkono wangu ukawa unapiga kwa kasi ambayo hakuna mkono unaoiweza, na katika kila mzunguko ule mkwaruzo ukawa unarudi mahali pake, mfupi, mkali, kama kuku aliyeshtuka, mpaka ukawa ndio pigo unalolingojea. Nilitoka nje kidogo.

Tulipokuwa tunaumaliza, baba yake aliingia kutoka kazini, mfuko wa spana begani, shati limelowa. Akanipa shikamoo, nikaitikia, akasimama mlangoni kama anavyofanya siku zote, maana huwa haingii chumba kile. Kijana akamvua mfuko, akamvalisha hedifoni. Mwanangu akasikiliza amesimama wima, mikono imening'inia. Hakujua ni gitaa la nani, hatukumwambia. Baada ya muda niliona vidole vya mkono wake wa kushoto vinakunjika na kukunjuka pembeni ya paja, vinatafuta kitu. Kisha akainua mkono kumzuia mwanawe asizime.

"Rudisha hapo," akasema. "Hapo panapokwaruza."